Ombi Limefutwa

Mtaa mzima ulimwita Chapchap, na jina lilimkaa sawasawa. Uliingia ofisini kwake na pasipoti mkononi na wasiwasi usoni, ukatoka na karatasi yenye ile alama ya miraba inayosomwa na mashine, wasiwasi wote umemwachia yeye. Fomu za kuwasili ndizo zilizomweka mjini. Siku hizi nchi nyingi hazitaki mgeni ajaze kadi ndani ya ndege kama zamani. Zinataka ajieleze mtandaoni kabla hajapanda: ni nani, anakuja na ndege gani, anafikia kwa nani. Kujaza ni bure. Tovuti ni ya serikali ya huko, iko wazi kwa kila mtu, na mwenye simu ya kawaida anaweza kuimaliza akiwa kwenye foleni. Chapchap alilijua hilo kama alivyolijua jina la mama yake, na hakuwahi kumwambia binadamu yeyote.

Yeye alikuwa wakala wa kampuni ya katikati, yenye tovuti iliyopakwa rangi za kiserikali na nembo ya ndege mwenye mabawa mapana ambaye hakuwa wa serikali yoyote duniani. Mteja alilipa kwa Chapchap, Chapchap akajaza kwenye tovuti ya kampuni, kampuni ikajaza kwenye ile ya bure, basi. "Usijaribu mwenyewe," alikuwa akiwaambia watu, akitikisa kichwa kwa huruma ya daktari. "Ukikosea herufi moja, wanakurudisha kaunta. Wapo waliolala mahabusu." Watu walimwamini. Alikuwa na kompyuta, printa, stepla kubwa ya kubania vitabu, mashine ya kukatia karatasi yenye kisu kirefu cha kushusha kwa mpini, na kaunta ya kioo kinene. Nani angeacha kumwamini mtu mwenye kaunta ya kioo?

Kioo hicho alikifunga Fundi Vioo, mwenye karakana mtaa wa nyuma. Huyo naye alikuwa mtu wa ajabu. Angeweza kubeba kioo kilichomzidi kimo katikati ya pikipiki na mikokoteni, asikiguse hata ukuta. Nyumbani ndiko alikovunja. Alivunja milango ya kabati, alivunja viti, mwaka juzi akavunja mkono wa mkewe na kumwambia daktari kwamba mama ameteleza bafuni. Majirani walisikia yote kupitia ukutani, wakaongeza sauti ya redio. Chapchap naye aliongeza ya kwake. Yeye na Fundi Vioo walitazama mpira pamoja, wakaitana kaka, na ukishamwita mtu kaka, mambo ya chumbani kwake unayaingiaje? Ndivyo alivyojiambia. Watu waoga hawakosi maneno mazuri.

Asubuhi moja Chapchap alikuwa ndio kwanza amepandisha mlango wa chuma wa ofisi, mke wa Fundi Vioo alipoingia. Alikuwa msusi, mwenye kibanda chake karibu na soko, na wengi walimwita Msusi tu. Amejifunga mtandio mpaka kidevuni, mkono mmoja umemshika binti yake wa darasa la pili. Mtoto alikuwa na begi la shule, lakini begi lilituna kwa nguo. Msusi alipoinama kutoa pasipoti, mtandio ukateleza. Shingoni mlikuwa na alama za vidole, zimewiva rangi ya zambarau, na mdomo wake wa chini ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi.

"Shemeji, nasafiri leo," akasema. "Mimi na mtoto. Dada yangu ametuma tiketi. Nimeambiwa bila ile fomu hawatupandishi."

"Fundi anajua?"

Msusi akamtazama tu, Chapchap akaona haya kwa kuuliza.

"Jana kanikaba mbele ya mtoto," akasema polepole, maana mdomo ulimuuma. "Nilizimia. Nilipozinduka kakaa kitandani ananitazama. Akaniambia, siku nyingine sikuachii. Hakuwa na hasira, shemeji. Aliniambia kama anavyoniambia chai imepoa."

Mtoto alikuwa akichora kwa kidole juu ya kioo cha kaunta.

"Ningekuwa naweza kujaza mwenyewe nisingekuletea balaa hili," Msusi akaendelea. "Lakini wewe ndiye mwenye njia. Naomba tu asijue mtu. Simu nimezima. Nitaiwasha nikifika uwanja wa ndege."

"Shemeji, hapa ni kaburi," Chapchap akasema, mkono kifuani, na safari hii hakuwa anauza maneno. Alikusudia kabisa.

Sasa, kazi ile ina desturi yake. Kwenye mfumo wa kampuni, kila familia ina faili moja, na faili ina mkuu wake. Miaka miwili nyuma Chapchap aliwajazia watu hawa wote watatu walipokwenda kwenye harusi ya huyo huyo dada. Mtu wa kazi hiyo hajazi upya mtu aliyekwisha kujazwa. Anafungua faili la zamani, anabonyeza "rudia", anabadili tarehe na ndege, anatuma. Hiyo ndiyo siri ya wepesi wake na ndiyo iliyompa jina. Basi akafungua, akabonyeza, akabadili, huku akimtania mtoto kwamba huko aendako watu wanaoga kwa maji ya barafu, mtoto akacheka, vidole vya Chapchap vikitangulia mbele ya akili yake kama kawaida. Printa ikatema karatasi mbili. Msusi akazikunja na kuzitia kifuani.

"Mungu akuweke, shemeji," akasema. Wakatoka, wakaingia kwenye gari la kukodi lililokuwa likiwasubiri, wakaondoka.

Chapchap akarudi kwenye kompyuta kufunga faili. Ndipo alipouona mstari wa kijani chini ya ukurasa, mstari ambao kwa miaka yote hakuwahi kuwa na sababu ya kuusoma. Uthibitisho umetumwa kwa mkuu wa familia.

Mkuu wa familia alikuwa Fundi Vioo. Namba ilikuwa ya Fundi Vioo. Ujumbe ulikuwa na jina la mama, jina la mtoto, namba ya ndege, saa ya kuondoka, na anwani ya dada mpaka namba ya mlango.

Akampigia Msusi. Simu imezimwa. Akapiga tena, na tena, kana kwamba simu ni mlango ambao ukigongwa sana utafunguliwa. Angetoka wakati ule ule akafuata gari lile, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini alikaa. Alijiambia kwamba huenda Fundi Vioo hajaona ujumbe. Alijiambia kwamba huenda chaji imemwishia. Akamhudumia bibi mmoja mwenye mkoba mkubwa aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu, akikosea tarehe mara mbili mpaka bibi akamuuliza kama amekunywa chai. Akamwomba bibi akae kwenye benchi la nje asubiri printa ipoe. Printa haikuwa na joto lolote. Alitaka nafasi ya kufikiri, na alikuwa bado anafikiri aliposikia sauti ya Fundi Vioo huko nje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaingia taratibu, glavu za ngozi za kubebea vioo zimening'inia mfuko wa nyuma. Akauvuta mlango wa chuma chini mpaka ukagusa sakafu, akaubana kwa kufuli lake Chapchap mwenyewe lililokuwa likining'inia kwenye pete na ufunguo wake, ufunguo akautia mfukoni. Giza kidogo likaingia, ikabaki taa ya juu.

"Kaka," akasema.

"Kaka," Chapchap akaitika, na sauti ikatoka ya mtu mwingine.

"Nilikuwa nimeshika kioo cha watu, simu inatetemeka mfukoni. Nikamaliza kukifunga kwanza. Mimi nina adabu ya kazi." Akatoa simu, akaiweka juu ya kaunta, uso juu. "Nisomee."

"Kaka, ngoja nikueleze..."

Fundi Vioo alinyoosha mkono kupita juu ya kaunta, akamshika Chapchap nyuma ya kichwa, akampigiza uso kwenye kioo. Kioo hakikuvunjika. Pua ndiyo iliyovunjika, na Chapchap akausikia mlio wake ndani ya kichwa kabla hajasikia maumivu. Akapigizwa tena. Damu ikatandaa juu ya kioo, ikateremkia ukingoni.

"Si nilikwambia hiki hakivunjiki?" Fundi Vioo akasema. "Ulitaka cha rahisi, nikakwambia kaka, chukua kinene."

Akazunguka kaunta, akamwinua kwa kola, akamkalisha kwenye kiti chake mbele ya kompyuta. Hakuwa anahema hata kidogo.

"Futa."

"Nini?"

"Hiyo fomu. Bila fomu hapandi, wewe mwenyewe ndiye unayewaambia watu kila siku. Uwanjani kuna askari na kamera, sitaki kelele huko. Nataka arudi nyumbani kwa miguu yake. Futa."

"Kaka, ikishatumwa haifutiki," Chapchap akasema. Uongo ulimtoka wenyewe, kwa mazoea.

Fundi Vioo akaangaza juu ya meza kama mtu anayechagua bisibisi. Akachukua ile stepla kubwa. Akaulaza mkono wa kulia wa Chapchap mezani, kiganja chini, akaweka stepla mgongoni mwa mkono, akaikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Pini ikazama mpaka mwisho. Chapchap alipiga ukelele ambao bibi wa nje aliusikia, akagonga mlango na kuuliza kuna nini humo. Fundi Vioo akasogeza stepla pembeni kidogo, akakandamiza tena.

Tusimpambe Chapchap. Hakuwa shujaa, na hajawahi kusema alikuwa. Pini ya pili haijapoa, alikuwa ameshafungua faili kwa mkono wa kushoto, akilia kamasi na damu. Akabonyeza ombi la mama. Herufi nyekundu zikajitokeza: Ombi limefutwa. Akabonyeza la mtoto. Ombi limefutwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

"Umeona?" Fundi Vioo akasema. "Kila kitu kinafutika."

Kisha akafanya jambo lililomtisha Chapchap kuliko kipigo. Akavuta kiti cha wateja, akaketi karibu yake goti kwa goti, akaisogeza simu ya Chapchap katikati ya meza.

"Sasa tunasubiri. Watamkatalia, atachanganyikiwa, atakupigia wewe. Watu wote mtaani wakikwama wanakupigia wewe." Akatabasamu. "Utamwambia unavyowaambia wengine. Kuna hitilafu, rudi ofisini nikutengenezee. Hayo tu. Mimi nitamsubiri hapa, twende zetu nyumbani."

"Utamuua," Chapchap akasema.

"Hayo ni ya nyumbani kwangu."

Wakakaa. Nje watu walianza kukusanyika. Bibi alikuwa akiwaeleza kwamba amesikia mtu akilia, mwingine akasema ni televisheni, mwingine akasema Fundi Vioo kaingia humo, waache wanaume wamalizane. Chapchap aliitambua kila sauti. Hata muuza duka wa mbele alikuwepo, yule ambaye chumba chake kinapakana na cha Msusi. Hakuna aliyeugusa mlango zaidi ya bibi, ambaye hakuwa wa mtaa ule.

Wakati wakisubiri, Fundi Vioo akaivuta mashine ya kukatia karatasi. Akainua mpini, akakagua makali kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana chombo kizuri alikijua. Akauchukua mkono wa kushoto wa Chapchap, ule uliobaki mzima, akavipanga vidole vinne kwenye ubao wa mashine, sawa na mstari ambapo hukatwa picha za pasipoti. Akashusha kisu polepole mpaka kikagusa ngozi, akakiacha hapo.

Simu ikaita.

Fundi Vioo akaipokea na kuweka sauti ya nje. Kwanza zilikuja kelele za ukumbi mkubwa, magurudumu ya masanduku, tangazo la ndege fulani. Halafu Msusi.

"Shemeji? Shemeji, mashine imekataa. Wanasema ombi limefutwa, la kwangu na la mtoto. Limefutwaje?"

Fundi Vioo akamwinulia Chapchap nyusi, kama mwalimu anayengoja jibu.

"Shemeji unanisikia? Foleni yote iko nyuma yangu. Huyu dada wa kaunta ananiambia eti nijaze hapa hapa kwa simu yangu, eti ni bure. Nimemwambia dada haiwezekani, mimi nina mtu wangu anayejua, watanifunga bure na mtoto mdogo. Nirudi huko? Nirudi unitengenezee upya? Niambie nifanye nini."

Kisu kikabana kidogo. Fundi Vioo alimsemesha kwa midomo bila sauti: rudi ofisini.

Maneno hayo mawili Chapchap aliyasema kila siku ya Mungu. Alimwambia mzee aliyekwama uwanjani na jeneza la ndugu yake, akamwambia mwanafunzi aliyekosa ndege kwa kurudi kumlipa mara ya pili. Yalikuwa tayari mdomoni, yamelainika kwa kutumika. Na mwanamke yule alikuwa amesimama mbele ya mtu anayemwambia ukweli, akiukataa, kwa sababu Chapchap alimfundisha kuukataa. Haya ilimpanda mpaka ikalipita woga. Kwa nyuma, kwenye simu, mtoto aliuliza, "Mama, tunarudi kwa baba?"

"Ni bure!" Chapchap akapiga kelele. "Ni bure, shemeji! Jaza mwenyewe!"

Kisu kikashuka.

Hakikukata vidole vyote. Kilikata viwili safi, cha tatu kikaning'inia. Chapchap aliviona vikiwa upande wa pili wa ubao na kwa muda mfupi hakuvielewa. Halafu maumivu yakaja yote kwa pamoja, yakampanda mpaka begani, naye akapiga kelele, lakini akazipigia humo humo ndani ya maneno, maana alijua akisimama kupumua hataweza tena.

"Ni bure kwa watu wote! Msikilize huyo dada! Weka namba yako, siyo ya mtu mwingine! Niliwadanganya! Niliwadanganya wote! Usirudi, yuko hapa, usirudi!"

"Nyamaza!" Fundi Vioo akanguruma, na hiyo ndiyo sauti iliyofika uwanja wa ndege, maana Msusi alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji, na simu ikakatika.

Nje ya mlango bibi mwenye mkoba akasema, "Amesema bure?"

"Kasema bure, bibi. Nimesikia vizuri."

"Mimi kanichuna mara nne! Mwizi mkubwa! Fungua hapa!"

Sasa mlango ukaanza kugongwa kwelikweli. Mtu alikuwa anapigwa mle ndani tangu mwanzo, hawakuugonga. Kusikia wameibiwa ndiko kulikowapa nguvu.

Fundi Vioo hakuwasikia. Utulivu wake ulikuwa umekwisha. Alikiinua kile kiti cha wateja na kumshushia Chapchap begani, kiti kikavunjika mguu, akakiinua tena na kumshushia mgongoni. Chapchap alianguka chini ya meza. Akavutwa kwa mguu, akapigwa mateke ya mbavu, moja, jingine, jingine, na kila moja lilimtolea pumzi aliyokuwa hajamaliza kuivuta. Teke moja lilimpata kinywani. Meno yalimjaa ulimini kama changarawe, akayatema. Jicho moja likafumba na halikufumbuka tena. Alijaribu kujikunja auchunge ule mkono uliokatwa, Fundi Vioo akaukanyaga kwa kisigino na kuusaga.

Halafu kipigo kikasimama.

Chapchap akafungua jicho lililobaki. Fundi Vioo alikuwa amesimama katikati ya chumba, amekodolea macho ile simu juu ya meza. Akawa anafikiri. Akajifuta damu mikononi kwa shati lake mwenyewe, akajipapasa mfukoni, ukatokea ufunguo wa pikipiki.

"Bado nawahi," akasema, kwa sauti ya chini, akijiambia mwenyewe. Akaelekea mlangoni.

Na kweli alikuwa bado anawahi. Kama kuna jambo moja Chapchap alilijua duniani, ni muda anaochukua mtu asiyezoea kujaza fomu ile. Msusi ataandika kwa kidole kimoja. Atafuta, ataanza upya. Atamsomesha mtoto namba za pasipoti, ataogopa kubonyeza tuma, atamwomba dada wa kaunta amtazamie. Akimaliza yake aanze ya mtoto. Halafu masanduku, halafu foleni ya maofisa wa pasipoti, na huko nyuma yao tu ndiko asikoweza kumfuata mtu asiye na tiketi. Pikipiki ilikuwa na mwendo kuliko hayo yote. Na hao waliokuwa wakigonga nje, mlango ukipanda wangetazamana na Fundi Vioo mwenye damu shatini, wangempisha. Miaka yote walimpisha. Naye Chapchap alikuwa mmoja wao.

Akajiburuta. Akaishika suruali ya Fundi Vioo kwa mkono wenye pini, akapigwa teke la taya, akaachia. Fundi Vioo alichuchumaa kwenye kufuli, akatia ufunguo.

"Hujauliza tiketi katoa nani," Chapchap akasema kutoka sakafuni.

Maneno yalitoka yamevunjika, nusu yake damu, lakini yalieleweka. Mkono kwenye kufuli ukasimama.

"Dada yake," Fundi Vioo akasema bila kugeuka.

"Dada yake hana kitu." Chapchap akatema, akavuta pumzi, mbavu zikamchoma. "Tiketi nimenunua mimi. Za kwao, na ya kwangu. Mimi naondoka kesho kutwa. Fomu yangu ilishapita."

Fundi Vioo alibaki amechuchumaa, ufunguo umo kwenye kufuli.

"Ulidhani alikuwa anakuja kwangu kila wiki kufanya nini? Kunisuka?" Alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. "Wewe ulikuwa unakuja kwangu kutazama mpira, unakaa kwenye kochi lile, unaniita kaka. Kochi lile lile."

Hakukuwa na neno la kweli humo. Msusi hakuwahi kukanyaga nyumbani kwake, wala hakuwahi kumtazama ila kama mtu mwenye kaunta. Chapchap alikuwa amedanganya maisha yake yote, kwa ustadi na kwa malipo, lakini hakuwahi kuutunga uongo akiutazama mgongo wa mteja badala ya uso, akisubiri kuona kama umenunuliwa. Mgongo wa Fundi Vioo haukutikisika. Nje mtu alipiga kelele waletewe mtaimbo wauvunje mlango, mwingine akajibu mtaimbo uko gereji, nani mwenye mbio aende.

"Usiku alikuwa anakulilia wewe," Chapchap akasema, "mwenzako nilikuwa namfuta machozi mchana."

Fundi Vioo akauchomoa ufunguo kwenye kufuli. Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Akautia ufunguo mfukoni pamoja na ule wa pikipiki, akasimama, akageuka, na uso wake haukuwa tena na hesabu yoyote ndani yake, wala saa, wala ndege. Akachomoa glavu mfuko wa nyuma, akazivaa, moja baada ya nyingine, akizivuta vizuri mpaka kwenye vifundo. Kisha akaushika ule mpini wa mashine ya kukatia karatasi kwa mikono miwili, akautikisa, akaung'oa na kisu chake.

Chapchap alikuwa amelalia ubavu, shavu sakafuni, hawezi hata kukaa. Alimtazama Fundi Vioo akirudi, akiuacha mlango, akipita karibu na simu asiitazame, akija. Akaogopa kwa kila mfupa uliobaki mzima, na akafurahi.